Siku Shangazi Aliposoma Habari

Juzi kwenye mkahawa Ukunda, mwanamke alikuwa akisoma habari kwenye televisheni na watu wanakula tu, hakuna aliyeinua kichwa. Nikakumbuka alasiri ile kwetu Msambweni. Shangazi Mwanaisha alikuwa asome habari redioni, mwanamke wa kwanza kutoka kijijini kwetu.

Babu alikuwa ameapa kwamba sauti ya binti yake haitaingia nyumba za watu. Kwa hivyo nilipomwona anazitoa betri kwenye redio na kwenda nazo uani, nikaangua kilio.

"Babu, zirudishe!"

"Ala! Unalilia nini? Zimechoka hizi. Nazianika zipate nguvu, zisije zikamkatiza mwenzio katikati."

Siku hizi najua kila nyumba ilianika betri. Siku ile niliona hasira tu.

Zikarudishwa zina moto, zanuka kutu. Redio ikakoroma, kisha Shangazi huyo: "Hamjambo, wasikilizaji."

Bibi akapiga vigelegele.

"Mama Mwanaisha, hebu nyamaza! Mtoto anasoma!"

Kisha Babu akaibeba redio hadi barazani, akaifungulia sauti yote, akawaita majirani kwa majina.