Siku Tuliyofika Ukweni Tukifuka Moshi

Wewe unayenisikiliza, kama una gari au unaota kuwa nalo siku moja, vuta kiti, maana aibu niliyoipata mimi siku ya posa ya mdogo wangu inatosha watu wawili, na sioni sababu utafute ya kwako wakati yangu ipo na naitoa bure.

Mdogo wangu Innocent alikuwa anaposa Mudende, kule juu kwenye viazi na ng'ombe, na tulishapata habari kwamba baba wa msichana anatuona sisi wa mjini Gisenyi watu wepesi, watu wa maneno. Mchumba aliyetangulia alifika na mzaha, akarudishwa na kreti zake za fanta. Kwa hiyo kila kitu kilitakiwa kwenda sawa, na mimi, kaka mkubwa, nikajitolea kumbeba mshenga wetu, Mzee Fidèle, aliyeishi Tanzania miaka mingi na mwenye Kiswahili kilichopigwa pasi, pamoja na shangazi yangu Immaculée, aliyekulia Goma, ambaye hukaa mbele kwa sababu nyuma kunamtia kichefuchefu.

Sasa nikueleze jambo moja. Huku kwetu kwenye miteremko wengi hatuna imani na breki ya mkono. Ukiegesha, unatia gia, unashuka, unatafuta jiwe, unaliweka nyuma ya tairi, unaenda zako. Lakini asubuhi hiyo nje kwa shangazi nilikuwa na suti ya rangi ya maziwa, jiwe lilikuwa na matope, na majirani walikuwa wanatazama, nikasema leo tuwe wastaarabu, nikavuta breki ya mkono. Shangazi akaingia na umushanana wake, ule mgolole wa sherehe wenye mikunjo mingi, mikunjo ikamwagika ikafunika kila kitu kilichokuwa katikati yetu, tukaondoka. (Kuna taa nyekundu iliyowaka kwenye dashibodi njia nzima, ndiyo, lakini taa hiyo ilikuwa inawaka tangu niliponunua gari na tulishazoeana.)

Tulipopita Rugerero shangazi akaanza kunusa.

"Mutoto wangu, iko kitu inaungua."

"Watu wanachoma majani shambani, shangazi. Funga kioo."

Akafunga. Harufu ikazidi.

"Bon. Hiyo majani inatufuata na voiture, iko na gari yake?"

Mzee Fidèle, kitambaa puani, akasema kwa adabu, "Kijana, naona gari kama linachoka kidogo." Na mimi, nisiyeweza kukaa na jambo bila kulifundisha, nikawapa somo zima: mafuta ya injini yakidondokea chuma cha moto hunuka kama kikaangio kilichosahauliwa, waya ukiungua hunuka kama ndoo ya plastiki iliyowekwa juu ya jiko, na hii sasa, kali, ya kukwaruza koo, ni klachi, ni mlima tu, itapoa yenyewe. Nilisimama mara moja nikafungua boneti, nikaitazama injini kwa uso wa daktari, injini ikanitazama, nikafunga. Gari lilikuwa zito, na dawa yangu ya gari zito ni kukanyaga mafuta, basi nikakanyaga.

Tukafika. Mahema meupe, wazee wamejipanga langoni, na kutoka tairi langu la nyuma moshi unapanda taratibu kama ubani kanisani. Mtu akapiga kelele, "Moto!" Kina mama wakakamata watoto, mimi nikanyakua jagi la maji ya wageni kunawa mikono, nikalimwaga lote kwenye gurudumu. Tshaaa! Mvuke ukamfunika Mzee Fidèle, aliyekuwa ndiyo kwanza anashuka, na alipotokea upande wa pili miwani yake ilikuwa nyeupe kama mayai mawili.

Ndipo shangazi, akiwa bado anakusanya mikunjo yake ndani ya gari, akaita kwa sauti ya kusikika hemani:

"We! Hii kitu kusimama hivi, ni kawaida?"

Breki ya mkono. Wima, kama askari kwenye gwaride.

"Donc njia yote ulikuwa unatufundisha nini?"

Msemaji wa familia ya msichana, mzee mrefu mwenye fimbo, ambaye kazi yake siku hiyo ni kututania na kutukatalia, hakungoja hata tukae. (Alisema kwa Kinyarwanda, nakuletea kwa Kiswahili.) "Karibuni. Tulitegemea wageni, tumeletewa tanuri. Kama kaka mtu haoni kilicho chini ya mkono wake, huyo mdogo wake ataweza kumwona binti yetu?"

Hema zima likacheka, isipokuwa baba wa msichana. Innocent, aliyekuja na gari jingine, alinitazama kama mtu anayenichagulia jeneza.

Mzee Fidèle akasogea mbele, miwani bado ina ukungu.

"Umesema kweli, mzee mwenzangu. Mlima wenu wote tumeupanda breki ikiwa imevutwa. Sasa nawe niambie, umewahi kuona watu wanaomtaka binti kiasi hicho?"

Baba mtu akajaribu kujizuia, lakini mabega yalianza kucheka kabla ya mdomo, na mdomo ulipofuata nikajua Innocent ameoa. Binti tulipewa. Shangazi alirudi mjini na gari la watu wengine, na mimi nikabaki Mudende na tairi langu, nikimsubiri fundi na kusalimiwa na kila aliyepita kwa kuulizwa kama nimeshapoa.

Nimeapa sitafundisha tena huku naendesha. Lakini wewe usiogope, gari husema ukweli kuliko mwenye gari. Ukisikia harufu ya kuungua, nyamaza, simama pembeni mahali salama, tazama kwanza kama breki ya mkono imeshushwa, kisha zunguka ukisogeza kiganja karibu na kila gurudumu bila kuligusa, na lile lenye joto kuliko mengine ndilo lenye shida. Usilimwagie maji, maana chuma cha moto kinaweza kupasuka. Liache lipoe lenyewe, hata kama wakwe wanasubiri.