Alichokiona Shemeji Juu ya Ziwa

Niliondoka Kigoma kwa sababu ya aibu. Habari zilitufikia kwamba shemeji yangu Déo, fundi anayeruka na helikopta za jeshi la Burundi, ameripoti kuona kitu kisichojulikana angani, na wakubwa wake wamemzuia kuruka wakisema alilewa. Déo ni mlokole, pombe haigusi. Lakini watu wetu walishaanza kucheka, na baba akanituma nikamrudishe dada yangu Agnès na watoto mpaka maneno yapoe.

Baada ya mpaka wa Manyovu nilipanda pikapu ya wauza mawese. Vita vya Burundi vilikuwa bado havijaisha, kwa hiyo mjini Nyanza-Lac tulisimamishwa kungoja magari ya jeshi yatusindikize. Askari walikaa kivulini wakipiga soga kwa Kirundi, na sisi Waha Kirundi hakitupiti. Mmoja alikuwa akisimulia habari za fundi aliyefukuzwa angani na sahani ya kuruka. Walicheka hadi wakashika mbavu. Nikainama, nikajifanya nafunga viatu.

Bujumbura tuliingia mchana. Niliteremka mtaa wa Asiatique, mbele ya maduka ya Waarabu, nikapanda basi dogo hadi Ngagara. Joto lilikuwa kali, lakini nyumba ya Agnès ilikuwa na mapazia yaliyofungwa. Déo alikuwa chumba cha nyuma.

“Karibu, shemeji,” alisema. “Umekuja kuona kichaa?”

“Nimekuja kuwasalimu.”

Akautazama mfuko wangu mkubwa, mtupu, niliokuja nao kubebea nguo za dada na watoto.

Baada ya chakula akanieleza. Ilikuwa asubuhi, anga nyeupe, wanarudi kambini juu ya ziwa. Kushoto kwao kulisimama kitu cha rangi ya bati jipya, bila mabawa wala moshi. Rubani alipokata kona, nacho kikakata. Kisha kikapanda, kikapotelea upande wa milima ya Congo.

“Mi sikusema ni shetani, sikusema ni watu wa nyota,” alisema. “Nilisema niliona kitu, sikijui. Wakauliza kapiteni, ye ndiye alikuwa anaendesha. Kapiteni akasema hakuona kitu.”

Jumapili, baada ya kanisa, kapiteni huyo alibisha hodi, amevaa kiraia. Agnès alimfungulia mlango, salamu hakumpa. Kapiteni hakukaa. Alisimama katikati ya sebule, mbele ya watoto.

“Déo, nilikiona,” alisema. “Watoto wasikie. Baba yenu hakudanganya.”

“Basi kesho utasema hivyo kwa wakubwa wenu?” aliuliza Agnès.

“Apana, mama. Nikisema, siruki tena. Niko na watoto.”

“Na huyu, ye hana?”

Kapiteni aliikodolea sakafu macho, shingo imelowa jasho. Niliona haya hata kumtazama. Déo ndiye aliyevuta kiti.

“Kaa, kapiteni. Agnès, muletee chai.”

Kapiteni aliinywa ikiwa bado ya moto, akaaga, akaondoka haraka.

Jioni nilimweleza dada maneno ya baba. “Siendi,” alisema. “Nikiondoka, watasema hata mke wake hamuamini.”

Kesho yake asubuhi Déo alinisindikiza kwa miguu hadi Asiatique. Tulipopita kwenye kibanda cha kinyozi, mtu mmoja alitandaza mikono kama ndege, wateja wakaangua kicheko. Masikio yalinichoma. Déo aliwaamkia, “Amahoro,” akaendelea kutembea bila kuharakisha. Helikopta hakurudishiwa kamwe. Walimpeleka karakana ya malori, na huko alibaki hata vita vilipokwisha.

Kigoma walinizunguka, kila mtu akitaka kujua ni nini hasa kilichokuwa angani. Nikawaambia sijui, na Déo pia hajui. Katika siku zote nilizokaa naye, sikumsikia hata mara moja akijidai anajua. Ndiyo maana nilimwamini.