Krismasi ya Waru na Nyavu za Vitunguu

Wanjugu huuza waru, yaani viazi, na vitunguu kando ya barabara kuu, karibu na Kariandusi. Waru humfikia kutoka Dundori, ambako kaka yake Ndegwa bado analima shamba la baba yao. Ni mwanamke wa sauti kubwa. Dereva akipita bila kununua, humpungia mkono na kumwambia, "Kesho basi!" na wengi, kwa aibu au kwa kicheko, kesho yake husimama.

Mumewe, Kigen, ni fundi wa malori kule Salgaa, na huja nyumbani mwisho wa mwezi. Wana binti mmoja, Jemutai, mtoto wa miaka tisa asiyeweza kukaa na wazo bila kulisema.

Mwanzoni mwa Desemba, Kigen alipiga simu. "Mama anakuja Krismasi," akasema. "Atafika ile siku ya mkesha."

Wanjugu alikaa juu ya gunia la waru. Tangu waoane, mama mkwe wake, Jepkosgei, hakuwahi kukanyaga kwake. Si kwamba walikuwa na ugomvi. Wao ndio waliokuwa wakienda Kabarnet kumsalimu, naye aliwapokea vizuri, ila nyumba yake ilikuwa safi hivi kwamba Wanjugu aliogopa hata kuweka kikombe mezani.

Na ya Wanjugu je? Ilikuwa nyumba ya udongo, kuta zimepasuka. Upepo wa Novemba ulikuwa umeng'oa mabati, na kila kilichowekwa kando kwa ajili ya sikukuu kikaishia kwenye paa. Alipoenda Nakuru mjini aliiona miti ya plastiki na taa za kumetameta madirishani, akaitazama kidogo, akaendelea na safari yake.

"Mami, si tupambe na vitu tuko navyo?" Jemutai akamwambia jioni hiyo.

"Na tuko na nini?"

Mtoto akaangaza macho huku na huku. "Nyavu."

Kweli, nyuma ya kibanda kulikuwa na rundo la nyavu nyekundu za vitunguu ambazo Wanjugu alikuwa akingoja kuzichoma. Wakaziosha, wakazikata vipande virefu, wakazifunga mafundo yakawa kama maua. Pakiti za krispi wakazipasua na kuzigeuza, ule upande wa ndani unaong'aa ukatoa nyota. Jirani yao, Mama Shiru, alikuwa anapunguza ua wake wa saipresi. Aliwapa tawi kubwa kuliko walivyoomba, wakalisimamisha ndani ya debe la mawe. Usiku mmoja mbuzi wa Mama Shiru akaingia na kulitafuna upande mzima. Wakalisukuma kwenye kona, kipara kikaelekea ukutani, na hakuna aliyejua.

Zikabaki kuta. Siku mbili kabla ya mkesha, Wanjugu alitoa kila kitu nje: makochi, meza, kitanda, sufuria. Akachanganya udongo na mavi ya ng'ombe, akajifunga leso kiunoni na kuanza kupaka. Alikuwa amefika nusu ya ukuta wa mbele, matope hadi viwikoni, aliposikia mtu akibisha langoni.

"Hodi hapa?"

"Leo siuzi, mathe!" alijibu bila kugeuka. "Rudi kesho!"

Jemutai akasema kwa sauti ndogo, "Mami. Ni gogo."

Wanjugu aligeuka. Jepkosgei, nyanya yake Jemutai, alikuwa amesimama kati ya kitanda na meza, sweta yake imefungwa vifungo vyote, kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando, mkononi.

"Kuna jirani alikuwa anashuka na gari," mama huyo akasema. "Nikaona nisingoje."

"Mama! Karibu! Samahani, hata pahali pa kukaa..." Wanjugu alinyoosha mkono kumsalimu, akauona ulivyojaa matope, akaurudisha. Machozi yalikuwa karibu. Wiki tatu za kujiandaa, na mgeni amemkuta hivi, kitanda kiko uani na uso umetapakaa mavi ya ng'ombe!

Jepkosgei hakukaa. Alikwenda mpaka ukutani, akagusa udongo kwa kidole, akausugua.

"Umeweka jivu?"

"Hapana, Mama."

"Itapasuka tena. Leta jivu."

Akavua viatu, akakunja sweta yake na kuiweka juu ya kochi, akapandisha sketi, akaingia matopeni. Alipaka kwa mkono wazi, kwa mizunguko mipana, na ukuta ukawa laini kama umepigwa pasi.

"Kigen alinijengea nyumba ya mawe," alisema baada ya muda. "Ni nzuri, sikatai. Lakini ukuta wa mawe hauna kazi ya kupaka. Zamani, Krismasi ikikaribia, sisi wanawake tulipaka nyumba zote tukiimba. Sikujua nimekosa hii kitu."

Wanjugu akacheka kwa kilio kidogo, na aibu ikamtoka. Wakapaka hadi jioni.

Kesho yake Jemutai alileta ndoo ya ule udongo mweupe unaojitokeza kwenye kingo za bonde, akaukoroga na maji. Shuleni mwalimu alikuwa amewafundisha kukata waru katikati na kuichonga ili ipige chapa. Akachonga nyota. Jepkosgei alimtazama, akaomba kisu, akachonga pembetatu ndogo ndogo, zile zile za shanga zilizozunguka kibuyu chake. Wakapiga chapa kuuzunguka mlango na madirisha, nyota na pembetatu, nyeupe juu ya udongo mwekundu.

Mama Shiru alikuja kuangalia, akarudi kwake, akatokea tena na kisu chake. "Na mimi nionyesheni," akasema. Kufikia mkesha, nyumba nne za njia hiyo zilikuwa na maua meupe, na wanawake walikuwa wakiitana kutoka uani hadi uani, kila mmoja akidai yake ndiyo imetokea vizuri.

Kigen alifika alasiri hiyo. Alipitiliza lango lake, akasimama, akarudi nyuma.

"Hapa ni kwa nani?" akauliza.

"Ni kwetu, baba!" Jemutai akapiga kelele.

Siku ya Krismasi walikula chapati na kuku nje, majirani wamejaa, wakaimba wimbo mmoja wa kanisa kwa Kikuyu na Kitugen, lugha ya kwao Kigen, kwa pamoja, kila mtu na maneno yake. Baada ya sikukuu Kigen alimwambia mama yake ajiandae, wangeondoka pamoja.

"Wewe enda kazi," Jepkosgei akamjibu, akimsogezea Wanjugu kikombe aongezwe chai. "Mimi bado niko."