Kura ya Kumpokea Obed

"Calvin wangu hajarudi. Huyu karudi na miguu yote miwili, halafu mnataka tumpokee kama aliyetoka jeshini?" Adolfu alikuwa amesimama mbele ya ofisi ya kijiji, na watu wakamuitikia kwa miguno. "Mwenyekiti, hata baba yake kamkataa. Kama baba mtu anamkimbia, sisi ni nani?"

Obed alikaa pembeni kwenye nyasi. Hakuna aliyetaka kugusana naye bega.

Mambo yalianza mwaka juzi. Obed na mshikaji wake Calvin walipigiwa simu na jamaa wa mjini Sumbawanga: kuna kazi ya mgodini, ng'ambo ya mpaka, chakula juu yao. Vijana wako kijiweni wanatazama mabasi yanapita, nani angekataa? Walipofika, mgodi hakuna. Ni kambi, watu wenye bunduki, na hotuba za kuchukia kila asiye wao: serikali, kanisa, msikiti, shule, wote maadui. Obed akapewa kazi ya kuteka maji. Siku wale jamaa walipochoma kijiji cha watu, alitupa dumu akakimbia mpaka akawakuta askari, akanyoosha mikono. Calvin alibaki.

Hapo ndipo anaposhukuru mpaka leo. Alijua ni risasi tu. Badala yake alihojiwa, tena sana, akapewa wakili, wakachunguza wakaona hakuua wala hakuchoma, wakamwachia. Dada Faith, afisa ustawi wa jamii, alipanda naye basi mpaka njia panda ya Kaengesa, karibu na kijijini kwao, akamkabidhi nyumbani kwa mkono wake.

Nyumbani ndiyo ikawa kazi. Baba yake, mzee Mayunga, ni Msukuma aliyepanda huku juu na ng'ombe wake kutoka bondeni Milepa. Kwao mtu akikosea anatengwa. Hapewi moto, hapewi maji, salamu yake haiitikiwi, mpaka atolewe ng'ombe wazee wale, yaishe. Mayunga akaona awahi, amtenge mwanae yeye mwenyewe, ili majirani zake Wafipa waone ni mtu wa adabu. Majirani wakaona kingine kabisa. Wakasema mzee anajua kitu. Baada ya hapo kuna vijana wakaanza kunong'ona habari za matairi na petroli.

Mwenyekiti wao, mama Zita, akazisikia. Ndiyo maana aliitisha mkutano.

"Hapa hachomwi mtu," alisema. "Mwenye kesi, polisi ipo. Mwenye neno aliseme hapa, wote tusikie, halafu tupige kura."

Mayunga akajiinua na fimbo yake. "Jamani, mimi sijamkataa. Kumtenga ndiyo kumsubiri. Ningemkataa ningemfukuza, huyu ng'ombe niliyemweka wa kuchinja wa nini?"

"Sasa mbona hukusema, mzee?" akauliza mama mmoja, Stefania.

"Mbona hamkuuliza?"

Watu wakacheka. Hata Adolfu alilegea kidogo, ila hakukaa.

Aliyemkalisha ni mkewe, Monika. Aliongea taratibu, kama mtu anayebeba ndoo iliyojaa. "Baba Calvin, mimi namtaka mwanangu. Huko aliko habari zinafika. Wakisikia Obed alirudi akachomwa, nani atatoroka tena? Si ndicho wakubwa wao wanachowaambia, kwamba nyumbani hawatakiwi? Obed, nadanganya?"

"Hapana, mama," Obed akajibu. "Kila asubuhi walikuwa wanatuambia hivyo."

"Basi tusiwasaidie kazi."

Zita akaita kura, wanaompokea kwanza. Obed aliinamisha kichwa, akaona tu vivuli vya mikono kwenye nyasi. Vilikuwa vingi. Machozi yakamtoka na hakujali nani anamwona. Waliokataa nao walinyoosha mikono, na Zita akawashukuru kwa kusema wazi. Adolfu hakunyoosha kokote.

Watu walipotawanyika, Mayunga akamletea mwanae kikombe cha maji. Ng'ombe mwenyewe alikuwa bado malishoni, lakini mzee alisema wazee watavumilia. Obed alikunywa taratibu, maji ya nyumbani, akayasikia mpaka tumboni.

Adolfu akaja, akasimama mbele yake.

"Alikuwa anakula?"

"Anakula, baba. Ugali wa muhogo. Kila siku anaulalamikia, anasema bora ule wa ulezi wa mama yake."

"Wa muhogo," Adolfu akarudia. "Utakuja kumwambia mama yake hayo. Yote, hata mabaya."

"Nitakuja."

"Uje kesho mchana. Saa hizi nina mahindi mashineni, na yule Vitus mwenye mashine akichoka kusubiri anafunga anaondoka zake."

Akageuka, akashika njia ya mashine, anatembea haraka.