Dazeni ya Kalerwe

Mama muuza mandazi wa soko la Kalerwe, Kampala, huhesabu kwa mkono mmoja. Dole gumba lake, lenye unga ukuchani, hugusa pingili za vidole vinne, tatu kwa kila kidole, polepole kana kwamba linaamsha watoto. Pingili zikiisha, dazeni imetimia. Kisha hukuinulia macho. Ukimsalimia vizuri, anatia andazi moja zaidi mfukoni. Hilo la dole gumba, husema, maana nalo limefanya kazi. Owuor, Mkenya anayeuza chai Nakawa, hulila njiani kila asubuhi, na hana staftahi nyingine.

Juzi Owuor alifika amenuna, akidai amepunjwa. Nadhani njaa ya njiani ilikuwa imekula mawili. “Nyabo, dazeni ni neno la Kiingereza,” akamwambia mama huyo mbele ya wateja. “Na Waingereza walilitoa kwa Wafaransa. Ni kumi na mbili. Si kumi na moja, si kumi na tatu.”

“Wafaransa walisema hivyo?”

“Kabisa.”

“Basi, ssebo, bwana wangu, mimi nani nibishane na Wafaransa?” Sauti yake ilikuwa laini kama maziwa. Akatia mkono katika mfuko wa mandazi aliokuwa ameshamwekea Owuor, akatoa andazi la juu, lile la dole gumba, likiwa bado la moto, akaling'ata taratibu huku akimtazama. Owuor alimeza mate.

Leo amerudi mapema. “Umeamkaje, nyabo? Mzee hajambo? Watoto?” Yule mama alimwacha aulize mpaka hali ya paka, ndipo dole gumba likaanza safari.