Mkwe Asiyetaka Kutangulia

Walburga, mwalimu mstaafu wa hesabu na mjane wa Athanasi Komba, alikuwa na shemeji mwenye mdomo, Rupert. Tangu Oliva, binti wa Walburga, aolewe na Azizi, kijana wa Kiyao kutoka Tunduru, huyo Rupert alizunguka mtaa mzima wa Mfaranyaki akisema nyumba ya marehemu kaka yake imekwisha. Mama mkwe Mkatoliki, mkwe Mwislamu, watu wasioweza hata kula chungu kimoja, hiyo nayo ni nyumba? Walburga aliyasikia yote asijibu. Alisubiri mahali pa kujibia.

Oliva alipojifungua, mama yake alihamia kwao, mtaa wa Majengo, kumlea. Azizi alikuwa na kibanda cha gemu pale pale uani, na kila mtoto aliposinzia Walburga alikwenda kuijaribu ile gemu ya zamani ambayo mkwewe aliipenda kuliko zote. Unaitazama kana kwamba umekaa juu ya paa: chini yako askari wawili wanapita ndani ya chombo cha angani kilichojaa wadudu wakubwa wenye meno, na risasi ni za kuokota sakafuni. Oliva alicheka huku ameshika mshono wa upasuaji. Mwalimu akaendelea kujifunza mlango hadi mlango.

Ndipo wafanyabiashara wa mtaa wakachangia mbuzi, ashindaniwe kwa gemu hiyo na watu wawili wawili wa nyumba moja. Rupert alijiandikisha na mwanawe Leo, akamuuliza Walburga mbele ya watu kama yeye atacheza na kichanga.

“Na mkwe wangu,” alijibu Walburga.

Siku ya siku, kwenye ukumbi wa mtaa, Rupert na Leo walifika mlango wa chumba cha mwisho wakafia hapo. Hakuna aliyewapita. Zamu ya Walburga ilipofika, adabu ikataka kuharibu kila kitu. Azizi, kijana aliyelelewa akaleleka, hakuweza kumtangulia mama mkwe. Kila mlango alimsimamisha askari wake ili wa Walburga apite kwanza. Kila risasi alimwachia yeye, wake akabaki mikono mitupu akitafunwa. Na kwa kuwa skrini ni moja, mmoja akibaki nyuma mwenzake naye hasogei.

“Mnaona?” Rupert aliwaambia watu. “Anamsubiri kama yuko kwenye foleni ya komunyo. Nyumba moja hiyo?”

Ukumbi ulicheka. Walburga hakugeuka.

“Azizi, mwanangu,” alisema, “heshima yako nimeiona tangu siku ya kwanza. Sasa nipe kisogo. Nitakilinda mimi.”

Azizi akatangulia. Aliokota risasi kama mwenye shamba, akafungua njia, na kila mdudu aliyemnyemelea kwa nyuma alimkuta mwalimu. Walivuka mlango uliowashinda akina Rupert. Chumba cha mwisho kikalipuka, ukumbi mzima ukasimama.

Mtangazaji aliuliza awatajeje.

“Nyumba ya marehemu Athanasi Komba,” alisema Walburga, akisubiri makelele yatulie. “Mama na mwanawe.”

Mbuzi alichinjwa na Azizi mwenyewe, kwa bismillahi, ili pasiwe na wa kujitenga. Nyama ikapikwa kwenye chungu kimoja, kikubwa, nyumbani kwa Walburga. Rupert alialikwa, akaja. Walburga alimpakulia kwa mkono wake, na shemeji yake aliporudisha bakuli kuomba mchuzi mwingine, akamwongeza kutoka chungu kile kile.