Noti ya Juu ya Ombui

Marcella Atuti, karani wa kituo cha kupimia majani ya chai huko Boito, alikuwa mwepesi wa kuingiza muziki katika tarakilishi kuwashinda hata waliousomea. Mkono mmoja ulibonyeza herufi za noti, mwingine tarakimu za urefu wake. Akikosea, hakufuta. Mumewe Ombui, mwalimu wa kwaya, ndiye aliyemfundisha: ukifuta noti utaanza kuhesabu upya; isogeze kwa mshale, juu au chini, uendelee na safari.

Ombui alifariki mwezi wa Machi. Tangu hapo Marcella alipima majani, akapika, akalala, akaamka. Watu walimsifu kwa kujikaza, ilhali hakuwa akijikaza. Hakuwa akihisi kitu.

Alasiri hiyo ya Jumatano alikuwa akinakili wimbo wa mwisho wa marehemu kutoka daftarini. Kwaya ingeuimba Jumamosi. Gibson Oyaro, aliyerithi uongozi wa kwaya pamoja na sauti ya tatu, ile ya juu ya wanaume, aliketi kando akinywa chai.

"Mama Velma, vidole hivyo ni mashine ya kuchuma chai kabisa!"

"Nitukane kwa kingine, Oyaro. Mashine hiyo ndiyo iliyomfuta kazi dada yangu."

Gibson alicheka peke yake, kisha akaweka kikombe chini. Shida yake ilikuwa mstari wa mwisho. Ombui hakuwa na desturi ya kutungia sauti tu; aliwatungia watu aliowajua, akaandika majina yao pembeni. Juu ya re ya juu, katika sauti ya tatu, palikuwa na neno moja kwa kalamu nyekundu: "Mimi."

"Imenishinda, mama. Jana niliwika kama jogoo mchanga, kwaya nzima ikaangua kicheko. Tafadhali, ishushe."

"Ndiyo noti aliyoipenda kuliko zote."

"Najua. Lakini nani mwingine ataifikia? Jumamosi tutamwaibisha."

Marcella alilitazama neno lile jekundu. Alingoja uchungu uje, kama mtu anayengoja maji yachemke juu ya moto uliozimika. Haukuja. Akaichagua noti, akabonyeza mshale wa chini, nusu hatua kila mara: moja, mbili, tatu. Re ikawa ti. Kazi ya sekunde mbili.

Akausikiliza mstari wote, akakunja uso.

"Sauti ya pili ya wanawake nayo iko kwenye ti. Re imekosa mwenyewe."

"Basi wanawake waipande. Kwenu si mbali."

Ilikuwa kweli. Mahali palipomtoa mwanamume jasho, mwanamke alifika bila kuinua shingo. Marcella akaichagua ti ya wanawake, akabonyeza mshale wa juu mara tatu. Re ikasimama pale pale ilipokuwa, ila katika mstari wa sauti ya pili.

Gibson aliinamia daftari ili aone jina lililoandikwa hapo. Alikawia kuinua kichwa.

"Mama Velma, ni wewe."

"Nimeona."

"Na hujaja mazoezini tangu Machi."

"Sijaja."

"Kesho ni saa kumi na moja jioni."

Marcella aliihifadhi kazi, akafungua kinywa, akaijaribu ile noti. Ilitoka safi, haikutetemeka, wala yeye hakuhisi lolote.

"Nitakuja," alisema. "Lakini usinisimamishe mbele."